Nahau za Kiingereza Wodini: Mwongozo kwa Muuguzi wa Afrika Mashariki Anayekwenda Uingereza

Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza, na hata kabla ya hapo wauguzi kutoka pande mbalimbali za Afrika Mashariki walikuwa wakienda huko kwa juhudi zao wenyewe. Ili kuandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la nchi hiyo, linalojulikana kwa kifupi kama NMC, muuguzi aliyesomea nje hutakiwa kuthibitisha Kiingereza chake. Wengi hufanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambapo NMC hudai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 katika kuandika, au mtihani wa OET uliotungwa mahsusi kwa watu wa sekta ya afya. Mitihani hiyo si mchezo, na aliyeifaulu ana haki ya kusema kwamba Kiingereza anakijua. Kisha anapangiwa zamu katika wodi ya wazee, na bibi mmoja anamweleza kwamba usiku kucha alikuwa "spending a penny", kwamba "waterworks" zake zinamsumbua, na kwamba jana alipata "a funny turn". Kila neno muuguzi analifahamu likiwa peke yake, lakini anachoumwa mgonjwa bado hakijui.

Mwongozo huu unahusu pengo hilo. Haukusudii kumfundisha muuguzi kuzungumza kama Mwingereza wa kuzaliwa, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayemdai jambo hilo. Unakusudia kumfanya aelewe anachoambiwa, aulize bila kumwaibisha anayesema, na aandike katika faili maneno ambayo daktari wa zamu hatayasoma visivyo. Orodha ndefu za nahau zinazouzwa vitabuni na kusambazwa intanetini hazisaidii sana katika kazi hii. Nyingi zimejaa misemo ambayo Waingereza wenyewe hawaitumii tena, na aghalabu hupanga nahau kwa alfabeti, ilhali mgonjwa huzungumza kwa kufuata maumivu yake.

Hatua ya kwanza: Tilia shaka sentensi inayoonekana nyepesi

Baadhi ya nahau hujitangaza zenyewe. Mgonjwa akisema ana "a frog in my throat", utajua mara moja kwamba hakuna chura kooni, na hata kama hujawahi kusikia msemo huo utakisia kwamba sauti yake imekwama. Akisema ana "butterflies in my stomach" asubuhi ya upasuaji, hutakimbilia kumpa dawa ya tumbo. Utaona kwamba ana wasiwasi. Nahau za aina hii hazina hatari kubwa kwa sababu zinakulazimisha usimame na kufikiri.

Zinazodanganya ni zile ambazo maana yake ya kawaida inaonekana kuingia vizuri katika mazungumzo. "I haven't been since Sunday" ni sentensi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuitafsiri: sijaenda tangu Jumapili. Kumbe mgonjwa anasema kwamba hajapata choo tangu Jumapili, na ikiwa leo ni Alhamisi hilo ni jambo la kuandikwa na kushughulikiwa. "I was legless" haina uhusiano wowote na kukatwa miguu. Ina maana kwamba alikuwa amelewa chakari. "We lost him in March" haimaanishi kwamba mzee alitoroka nyumbani.

Kinachokusaidia kuzitambua ni nafasi iliyoachwa wazi katika sentensi. Hajaenda wapi? Walimpotezea wapi? Msemaji anapoacha kutaja jambo ambalo kwa kawaida lingetajwa, mara nyingi ni kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu au la huzuni, naye anategemea kwamba msikilizaji atalijaza mwenyewe. Muuguzi aliyelelewa katika Kiswahili anaijua tabia hiyo vizuri sana. Mama akisema kwamba binti yake "yuko kwenye siku zake", au mwanamume akisema kwamba mkewe "ni mzito", hakuna nesi wa Tanga au wa Kisumu anayeuliza ni siku gani hizo au ni kilo ngapi. Stadi hiyo unayo tayari. Unachokosa ni maneno yake ya Kiingereza.

Hatua ya pili: Anza na haja, tumbo na maungo

Kama una majuma machache tu ya kujiandaa, yatumie hapa, kwa sababu haya ndiyo mambo ambayo wagonjwa huyazungumzia kila siku na ndiyo wanayoyafunika zaidi.

Kwa haja ndogo, wazee wengi husema "spend a penny". Hii ni mojawapo ya nahau chache ambazo historia yake inasaidia kukumbuka maana: vyoo vya umma vya Uingereza vilikuwa na kufuli zilizofunguka kwa kutumbukiza sarafu ya peni moja. Sarafu hiyo ya zamani iliondolewa mfumo wa fedha ulipobadilishwa mwaka 1971, kwa hiyo unayemsikia akitumia msemo huu kwa kawaida ni mtu wa makamo au mzee. "Waterworks", neno ambalo kwa kawaida humaanisha mitambo ya maji ya mji, kwa mgonjwa ni njia ya mkojo na kibofu. Akisema "I'm having trouble with my waterworks", fikiria maambukizi, tezi dume au kushindwa kuzuia mkojo, kisha uulize. "The loo" ni choo chenyewe na ni neno la heshima ya kutosha kwa mtu yeyote.

Kwa haja kubwa, swali rasmi la wauguzi ni "Have you opened your bowels today?", na katika chati utakuta herufi BO kwa aliyepata choo na BNO kwa ambaye hakupata. Wagonjwa wengine, hasa vijana, hawalielewi swali hilo, ndiyo maana wauguzi wenyeji huliacha na kuuliza tu "Have you been?" Majibu huja kwa sura nyingi. "The runs" na "the trots" ni kuhara. "Bunged up" ni kufunga choo, lakini vilevile ni kuziba pua kwa mafua, na huwezi kujua ni lipi bila kuuliza. "My tummy's a bit upset" ni tumbo kuvurugika, na neno "tummy" hutumiwa na watu wazima pia, si watoto peke yao.

Maneno "down below" au "down there" ni sehemu za siri. "Time of the month" ni hedhi, "the change" ni ukomo wa hedhi, na "expecting" ni mjamzito. Mwanamke akikuambia anaona damu "down below", usiishie hapo, kwa sababu msemo huo haubainishi kama damu inatoka ukeni, katika mkojo au katika njia ya haja kubwa, na kila moja ina vipimo vyake.

Kwa maungo mengine: "pins and needles" ni ganzi inayochoma-choma, "I've done my back in" ni kuumia mgongo, aghalabu kwa kunyanyua kitu kizito, "a gammy leg" ni mguu mbovu wa siku nyingi, "out of puff" ni kuishiwa pumzi, "the ticker" ni moyo, na "a dicky ticker" ni moyo wenye hitilafu, maneno ambayo mzee anaweza kuyatamka kwa utani huku akiwa ameshawahi kupata mshtuko wa moyo mara mbili. Uyasikiapo, tazama historia yake ya matibabu.

Maneno ya hali kwa jumla ni mengi na yanakaribiana: "under the weather", "off colour", "peaky", "not myself". Yote yanasema kwamba mtu hajisikii vizuri, na hakuna hata moja linalokuambia anaumwa nini. Neno la kuangaliwa kwa makini zaidi ni "poorly". Mtoto mwenye mafua ni "poorly", lakini daktari anapoiambia familia kwamba baba yao ni "very poorly", anawaandaa kwa uwezekano kwamba hatapona. Neno ni lile lile, na linabadilika uzito kwa kutegemea limetoka kinywani mwa nani.

Pombe nayo ina msamiati wake. Mgonjwa anayesema "I like the odd tipple" anadai kwamba hunywa mara mojamoja tu. Aliye "on the wagon" ameacha pombe, na aliyeanguka kutoka kwenye gari hilo, "fell off the wagon", amerudia. "The hair of the dog" ni kinywaji cha asubuhi cha kuzimua. Usiandike yoyote kati ya haya kama jibu la swali la unywaji. Uingereza hupima pombe kwa yuniti, ambapo yuniti moja ni gramu 8 za kileo halisi, na ushauri rasmi ni kutozidisha yuniti 14 kwa wiki. Kwa hiyo mwulize anakunywa nini, kiasi gani na mara ngapi, kisha ukokotoe. "The odd tipple" inaweza kugeuka kuwa nusu chupa ya wiski kila jioni.

Hatua ya tatu: Pima uzito wa kauli

Mwingereza mzee akiulizwa hali yake husema "Not too bad" au "Mustn't grumble", yaani si mbaya sana, hakuna haja ya kulalamika. Anaweza kusema hivyo akiwa amevunjika nyonga. Jambo hili huwashangaza wageni, lakini kwa kweli halipaswi kumshangaza mtu ambaye nyumbani kwao swali la "habari za nyumbani" hujibiwa "nzuri" hata na aliyefiwa, kisha ndipo huongezwa "ila". Sikiliza hiyo "ila" ya Kiingereza, ambayo huja kama "but" au kama "though" mwishoni mwa sentensi. "Not too bad. Chest's a bit tight, though." Habari yote iko katika nusu ya pili, na maneno "a bit" hayapunguzi chochote.

Kauli nyingine ya kundi hili ni "I don't want to be a bother", sitaki kukusumbua. Anayeitamka karibu kila mara ana jambo la kusema, na ukimwacha hatakuita tena.

Kinyume chake, mambo madogo hutiwa chumvi bila kiasi. "I'm dying for a cuppa" na "I could murder a cup of tea" yote mawili ni maombi ya chai. "My feet are killing me" ni miguu iliyochoka. Mtu yuleyule anayefanya kifua chake kinachobana kuwa kitu kidogo atakuambia kwamba anakufa kwa kiu ya chai, na hapo maneno hayawezi kuwa kipimo chako pekee. Tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, na utegemee chati ya NEWS2, inayotumika katika hospitali za Uingereza kukusanya alama za upumuaji, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu na joto la mwili. Mgonjwa aliye "not too bad" lakini anapumua mara 26 kwa dakika ni mgonjwa wa kuitiwa daktari.

Hatua ya nne: Kifo, na maneno ya mtu aliyechoka kuishi

Kwa kifo, Kiingereza kina ngazi kama zilivyo za Kiswahili. "Passed away" na "passed" ni kama kufariki au kuaga dunia. "Slipped away" ni kufa kwa utulivu. "Kicked the bucket" na "popped his clogs" ni maneno ya mzaha yanayolingana na kusema mtu amekata kamba. Mjane anaweza kuyatumia ya mzaha akimzungumzia marehemu mumewe, kwa sababu msiba ni wake. Wewe usiyatumie kamwe.

Mafunzo ya Uingereza kuhusu kutoa habari za kifo huwashauri wahudumu wayaepuke hata yale ya staha wanapoiarifu familia, na waseme wazi kwamba mgonjwa amekufa, "has died". Hilo ni gumu kwa mtu aliyelelewa kuona kwamba kulitamka neno hilo mbele ya wafiwa ni ukatili. Sababu yake hata hivyo ni ya msingi: ndugu aliyepigiwa simu usiku wa manane akaambiwa "we've lost him" au "he's gone" anaweza kuuliza amekwenda wapi. Sema neno lenyewe kwa sauti ya upole, kisha nyamaza umpe nafasi.

Kundi la kauli ambalo halistahili kukisiwa kabisa ni la mtu anayefikiria kujiua. "End it all", "do away with myself" na "top myself" zina maana hiyo moja kwa moja, ingawa ya mwisho husemwa pia kwa mzaha. "I can't go on like this" inaweza kuwa malalamiko juu ya chakula cha hospitali. "I don't want to be here any more" inaweza kuwa hamu ya kurudi nyumbani, na inaweza kuwa hamu ya kutoishi. Hakuna kamusi itakayokuamulia. Uliza kwa maneno yasiyo na nahau: "Are you having thoughts of ending your life?" Wataalamu wa afya ya akili hufundisha kwamba swali la wazi halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jibu likiwa ndiyo, au likiwa kimya, usimwache peke yake, na umwarifu msimamizi wa zamu papo hapo.

Hatua ya tano: Uliza kwa kurudisha maneno ya mgonjwa

Swali la "What do you mean?" ni sahihi kisarufi, lakini mgonjwa hulisikia kama karipio, au hudhani kwamba humwelewi kabisa na kuanza kupaza sauti. Njia bora ni kuchukua nahau yake kama ilivyo, kuitanguliza kwa "When you say", kisha kuuliza jambo dogo linaloweza kujibiwa. Tazama mazungumzo haya, ambayo nimeyatunga kwa mfano wa yanayotokea kila siku katika kitengo cha dharura:

Mgonjwa: "I had a funny turn in the kitchen yesterday."

Muuguzi: "When you say a funny turn, what did you feel first?"

Mgonjwa: "I came over all hot and my legs went."

Muuguzi: "And then, did you sit down or did you fall?"

Mgonjwa: "Went down like a sack of spuds."

Muuguzi: "Did you hit your head? Do you remember hitting the floor?"

"A funny turn" haikuwa kichekesho. Ni badiliko la ghafla la mwili ambalo linaweza kuwa kizunguzungu cha kawaida, sukari iliyoshuka, mapigo ya moyo yaliyovurugika, kifafa au kiharusi cha muda mfupi. "Came over all hot" ni kushikwa na joto ghafla. "My legs went" haina maana kwamba miguu ilikwenda popote, bali iliishiwa nguvu. "A sack of spuds" ni gunia la viazi, yaani alianguka kwa kishindo. Muuguzi huyu hakuhitaji kujua nahau hata moja kati ya hizo kabla ya kuanza. Alihitaji kujua mambo ambayo uchunguzi wa mtu aliyeanguka hudai, na maswali yake mafupi yakamtolea yote. Angalia pia kwamba hakuuliza maswali ya ndiyo au hapana mwanzoni, kwa sababu mgonjwa asiyeelewana na muuguzi wake huitikia "yes" kwa adabu tu.

Mwishoni, mrudishie ulichoelewa kwa maneno ya wazi: "So you felt hot, your legs became weak and you fell, but you stayed awake. Is that right?" Akisahihisha, umeokoa makosa yasiingie kwenye faili.

Hatua ya sita: Andika maneno yake, kisha andika maana

Kanuni za maadili za NMC zinataka kumbukumbu ziwe wazi na sahihi, zisizo na vifupisho visivyo vya lazima, lugha ya kundi au kubahatisha. Kwa nahau, njia salama ni kuinukuu sentensi ya mgonjwa ndani ya alama za kunukuu, na kuifuatisha mara moja na ulichothibitisha kwa maswali: alianza kuhisi nini, saa ngapi, kwa muda gani, alipoteza fahamu au la. Ukiandika nahau peke yake, daktari atakisia. Ukiandika tafsiri yako peke yake na ulikuwa umekosea, hakuna atakayeweza kurudi kwenye maneno ya asili. Nahau za dhihaka ambazo wenzako wanaweza kuzitamka, kama "away with the fairies" kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, hazina nafasi katika faili, na mgonjwa ana haki ya kuomba kulisoma.

Hatua ya saba: Sikiliza makabidhiano ya zamu

Hapa nahau ni chache na hurudiwa, kwa hiyo utazizoea haraka. Mgonjwa aliye "on the mend" anapata nafuu. Aliye "not out of the woods yet" bado hajavuka hatari. "It was touch and go last night" ina maana kwamba nusura afe. "Keep an eye on her" ni agizo la kumwangalia mara kwa mara, nalo linafanana na kumtupia jicho, ila wodini ni vyema uulize ni baada ya kila muda gani. "A bit of a handful" ni mgonjwa msumbufu. "Give me a shout" ni niite ukinihitaji, si nipigie kelele, na "give us a bell" ni nipigie simu, ambapo "us" ni mtu mmoja.

Hatua ya nane: Jua uko sehemu gani ya nchi

Kitabu cha nahau cha London hakitoshi Newcastle. Kaskazini mwa Uingereza watu wengi huita mlo wa mchana "dinner" na mlo wa jioni "tea", ilhali mgeni anaweza kudhani "tea" ni kikombe cha chai cha saa kumi. Ukimwelekeza mgonjwa wa Yorkshire anywe kidonge "after tea", mmekubaliana juu ya saa kumi na mbili au moja jioni, hata kama wewe ulikusudia nyingine. Taja saa badala ya mlo. Huko Uskoti "wee" ni kidogo, na mgonjwa anayeomba "a wee minute" anataka kusubiriwa tu. Kusini mwake neno hilohilo ni mkojo. Uskoti pia husema "peely-wally" kwa mtu aliyepauka kwa ugonjwa. Mashariki ya London kuna mchezo wa kubadilisha maneno kwa vina, ambapo "plates of meat" ni miguu, kwa kuwa "meat" inalandana na "feet". Mchezo huo umepungua, lakini mzee mmoja mmoja atakuchezea.

Hatua ya tisa: Chunguza Kiingereza chako mwenyewe

Hatua hii husahaulika, nami naiona kuwa na uzito kuliko orodha yoyote. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina nahau zake ambazo hatuzioni kuwa nahau kwa sababu tumekua nazo. Kwetu mtu huenda "for a short call" au "for a long call". Uingereza mgonjwa akisikia hivyo atakutafutia simu. Tunasema "a running stomach", wao husema "diarrhoea". Tunasema mgonjwa "has pressure" tukiwa na maana ya presha ya kupanda, lakini kwao aliye na "pressure" amelemewa na kazi au mawazo. Sema "high blood pressure". "You are lost", kwa rafiki ambaye hujamwona muda mrefu, itamfanya aangalie alipo.

Nahau za Kiswahili zilizofanana sura na za Kiingereza nazo zina mitego. Kufumbia macho na "turn a blind eye" zinakubaliana, na kunawa mikono kwa Pilato na "wash your hands of it" zimetoka katika Injili moja. Lakini kuvunjika moyo si "broken-hearted". Ukimwambia msimamizi kwamba ratiba ya zamu imekuacha "broken-hearted", atadhani umefiwa au umeachwa na mchumba. Neno ulilolitaka ni "discouraged".

Hatua ya kumi: Weka daftari, na uchague nahau moja ya kuanza nayo

Andika kila nahau pamoja na sentensi nzima uliyoisikia, umri wa msemaji kwa kukadiria, na kama alikuwa anatania. Usiandike jina la mgonjwa wala chochote cha kumtambulisha, kwa kuwa daftari hilo litatoka nje ya wodi. Nyumbani itafute katika kamusi za wanafunzi za Cambridge, Oxford au Longman, ambazo zinapatikana bila malipo mtandaoni. Nahau inaweza kuingizwa chini ya neno lake lolote kuu, kwa hiyo usipoipata chini ya "spend" tafuta "penny". Soma alama iliyotangulia maana, kwa sababu inakueleza kama msemo ni wa mazungumzo tu, umepitwa na wakati, ni wa utani au unaudhi. Mwulize pia mwenzako mwenyeji kama yeye hulitumia. Akicheka na kusema hivyo ndivyo alivyokuwa akisema bibi yake, liweke katika kundi la kuelewa tu.

Ukitaka kutumia moja mwenyewe, ianze na "pop", ambayo wauguzi wa Uingereza huitumia kutwa nzima kulainisha maagizo: "Pop your sleeve up for me", "Just pop yourself on the bed". Haina mzaha wala utusi, haizeeki, na humfanya mgonjwa ahisi kwamba anaombwa, si anaamrishwa. Iache mdomoni tu; katika faili, mgonjwa hupanda kitandani kwa kitenzi cha kawaida.